Uzi: Kongani ya utafiti ya chuo kikuu inakuaje baada ya jengo la kwanza, na kwa nini nyingi zinakwamia hapo

#1 Ramani_Kabambe (mwanzisha uzi)

Wakuu, uzi huu ni kwa walio kwenye kamati za mipango za vyuo, wahandisi, wanasheria wa ardhi na wenye kampuni zinazofanya utafiti. Mada ni kongani za utafiti: ardhi ya chuo au iliyo jirani na chuo, na ndani yake kampuni binafsi. Kujenga jengo la kwanza si kazi ngumu, maana ufadhili hupatikana na kiongozi anakata utepe. Ugumu uko kwenye jengo la pili, la tano na la ishirini.

Tuanze na muda, kwa sababu mipango mingi inaharibikia hapo. Chuo cha Stanford cha Marekani kilimpata mpangaji wa kwanza, kampuni ya Varian Associates, mwaka 1951. Cambridge Science Park ilipata kibali cha mipango 1971 kwenye ardhi ya Trinity College, na kampuni ya kwanza, Laser-Scan, ikaingia 1973. Research Triangle Park ya North Carolina ilitangazwa rasmi Januari 1959. Mwanzoni ilipangwa kuwa biashara ya faida na hisa hazikununulika, hadi Archie Davis alipozunguka kuchangisha zaidi ya dola milioni 1.4 na kuigeuza kuwa taasisi isiyogawana faida. Hata hivyo ilikaa kimya hadi 1965, IBM ilipoamua kuingia. Hsinchu ya Taiwan ilifunguliwa 1980, na TSMC, kampuni ya kutengeneza chipu, ikaanzishwa 1987 kutokana na taasisi ya utafiti ya ITRI iliyo jirani.

Kwa hiyo miaka 5 hadi 7 ya ukimya ni ya kawaida. Mradi unakufa pale mpango wa fedha usipoihesabu miaka hiyo. Riba inaanza kudaiwa mwaka wa 2, wapangaji wa utafiti wanakuja mwaka wa 6, na hapo katikati menejimenti inapangisha kwa yeyote mwenye hela: kampuni ya bima, ofisi ya matangazo, chuo cha lugha. Hao wakishasaini miaka 10, jengo limeshatoka mikononi mwenu.

Msimamo wangu ni kwamba kongani inakua kwa chumba cha pili. Kampuni changa inaingia kwenye atamizi (kituo cha kulea kampuni changa) ikiwa na watu 3 na mita za mraba 40. Ikifika watu 12 inahitaji 250, na ikifika 40 inahitaji 800 au zaidi. Vyuo vingi vina vyumba vya 40 na viwanja vya kujenga jengo zima, na katikati hakuna kitu. Kampuni inahama mjini ikiwa na umri wa miaka 3, yaani pale inapoanza kuajiri. Ukitaka kujua kama kongani fulani itakua, tafuta vyumba vya kati ya mita za mraba 150 na 600 ni vingapi na vingapi viko wazi leo.

Wenye fani karibuni: ardhi, majengo, mikataba na chuo, umeme na maji.

#2 Pango_la_Ardhi

Ardhi kwanza, maana kosa lake linadumu kuliko jengo.

Chuo kisiuze. Stanford haikuwa na hiari, hati ya kuanzishwa kwake inakataza kuuza ardhi iliyotolewa na familia, kwa hiyo ilipangisha. Mikataba ya mwanzo ilikuwa ya miaka 99, baadaye ikashushwa hadi 51. Somo lipo kwenye namba hizo mbili. Miaka 99 inampa mpangaji ardhi kwa vizazi vitatu, na kama pango lililipwa mapema au halipandi, chuo kinatazama thamani ya ardhi ikikua bila kuigusa.

Ukishuka sana nako benki inakataa. Mkopo wa jengo ni wa miaka 20 hadi 30, na benki inataka muda wa pango ubaki mrefu kuliko mkopo kwa miaka 10 au zaidi. Sasa fikiria mwendelezaji (anayejenga majengo ya kupangisha) anayetaka kukopa upya mwaka wa 20 ili akarabati. Kwenye pango la miaka 40 amebakiza 20, na hakuna atakayempa mkopo wa 25. Miaka 50 hadi 75 ndiyo sehemu inayofanya kazi kwa pande zote.

Vifungu ambavyo visipokuwepo mtajuta:

Pango lipitiwe kila miaka 5 kwa fahirisi ya bei, likiwa na kiwango cha chini na cha juu. Tathmini ya soko ifanyike mara chache, labda kila miaka 15, na mkataba useme wazi kuwa inathaminiwa ardhi tupu. Neno hilo lisipoandikwa, mpangaji anatozwa pango juu ya thamani ya jengo alilojenga kwa hela yake, na kesi haziishi.

Benki yenye rehani ipewe taarifa mpangaji akivunja masharti, ipewe siku 60 hadi 90 za kurekebisha, na ikibidi ichukue nafasi yake kwa mkataba mpya wenye masharti yale yale. Wanasheria wa vyuo hukipinga kifungu hiki wakidhani kinaipa benki ardhi. Kinachopewa benki ni muda uliobaki tu. Bila hicho hakuna mkopo, na bila mkopo mtabaki na nyasi.

Kiwanja kilichotengwa kiwe na tarehe: ujenzi uanze ndani ya miezi 18 hadi 24, la sivyo kinarudi bila fidia zaidi ya amana. Kampuni kubwa hupenda kushika ekari za ziada "kwa upanuzi wa baadaye". Ukiruhusu bila tarehe na bila ada, kongani itaonekana imejaa kwenye ramani huku nusu yake ni pori.

Na mwisho wa muda: miaka 10 hadi 15 kabla ya jengo kurudi chuoni, mwenye jengo anaacha kulikarabati. Wekeni mazungumzo ya kuongeza muda yaanze mapema, na mfuko wa matengenezo unaokaguliwa kila mwaka.

#3 Mhandisi_Hewa

Mkuu Ramani umegusa chumba cha pili. Naongezea kuwa chumba hicho kinatakiwa kiwe maabara, na maabara si ofisi yenye sinki.

Hesabu ya hewa. Chukua maabara ya mita za mraba 100, dari mita 3, ujazo mita za ujazo 300. Kubadilisha hewa mara 8 kwa saa ni mita za ujazo 2,400 kwa saa. Sasa weka kabati la kufyonza mvuke wa kemikali lenye mlango wa upana wa mita 1.6, umefunguliwa sentimita 45. Hewa ikiingia kwa mita 0.5 kwa sekunde, kabati moja linavuta karibu 1,300 kwa saa. Makabati mawili ni 2,600. Maana yake mpangaji mwenye makabati mawili ameshavuka hesabu ya chumba, na wa matatu anahitaji mfumo mwingine kabisa. Hewa hiyo yote inatupwa nje, hairudishwi, kwa hiyo kila mita ya ujazo inayotoka lazima iingie nyingine iliyopozwa na kukaushwa. Bili ya umeme ya jengo inatoka hapo.

Hewa inayoingizwa iwe pungufu kidogo ya inayotolewa, kama asilimia 10, ili mvuke usitoke kwenda korido. Bomba la kutolea hewa lipande mita 3 juu ya paa na hewa itoke kwa kasi ya mita 15 kwa sekunde. Likiwa fupi, moshi wa mpangaji wa kaskazini unaingia kwenye tundu la hewa safi la mpangaji wa kusini, na malalamiko ya harufu hayatakwisha.

Muundo: sakafu hadi sakafu mita 4.2 hadi 4.5, slabu (sakafu ya zege) ibebe kilopaskali 5, yaani kama kilo 500 kwa mita ya mraba, nguzo zikae kila mita 6.6 ili zitoshe moduli mbili za 3.3. Moduli ya 3.3 inatokana na meza za kazi pande zote mbili na njia ambayo watu wawili wanapishana katikati.

#4 Kalamu_na_Rula

Swali kwa Mhandisi. Kwa nini tusijenge ofisi sasa, gharama nafuu, kisha tubadilishe kuwa maabara wateja wakija?

#5 Mhandisi_Hewa

Kwa sababu jengo la ofisi lina mita 3.6 hadi 3.9 kati ya sakafu, slabu ya kilopaskali 2.5 hadi 3, na shafti (matundu ya wima ya kupitishia mabomba na mifereji) ndogo zinazotosha vyoo na nyaya. Mifereji ya hewa ya maabara haipiti. Utaishia kutoboa slabu na kushusha dari hadi mita 2.3. Mtikisiko nao: ofisi inavumilia mikromita 400 kwa sekunde, hadubini nyingi zinataka 50 au chini ya hapo, na hadubini za elektroni nzuri zinadai hata 6 au 3. Sakafu ya ofisi ya ghorofa ya tatu haifiki huko hata ukiomba dua. Mashine hizo ziwekwe chini kabisa, juu ya slabu iliyolala ardhini, mbali na lifti na barabara.

Kinachowezekana ni kinyume chake: jenga ganda la maabara (urefu, slabu, shafti zenye nafasi ya ziada asilimia 25, paa lenye uwezo wa kubeba mafeni), halafu sehemu ya jengo iwe ofisi kwa muda. Maabara haitakuzuia kuweka ofisi.

Jambo jingine linaloumiza mpango wa fedha: ofisi inakupa asilimia 80 hadi 85 ya eneo lote kama eneo la kupangisha. Maabara inakupa 60 hadi 65, mengine yanaliwa na shafti, vyumba vya mitambo, stoo za kemikali na korido pana. Jengo la mita za mraba 3,000 likihesabiwa kwa 85 linaonyesha 2,550 za kulipiwa, wakati uhalisia ni kama 1,900. Robo ya mapato haikuwahi kuwepo, na inagundulika wakati benki imeshatoa hela.

#6 Zimamoto_Kwanza

Naomba niongeze kuhusu kemikali, hili linasahaulika mno kwenye majengo ya wapangaji wengi.

Kanuni ya majengo ya IBC, inayotumika sehemu kubwa ya Marekani na kuigwa kwingine, inapunguza kiasi cha kemikali hatari kadiri unavyopanda. Ghorofa ya kwanza, yaani ile ya usawa wa ardhi, asilimia 100 ya kiwango kinachoruhusiwa, kwenye maeneo 4 yaliyotengwa kwa kuta za kuzuia moto. Ya pili ni 75 na maeneo 3. Ya tatu 50 na maeneo 2. Kuanzia ya 4 hadi ya 6 ni asilimia 12.5 tu, maeneo 2.

Kiwango hicho ni cha eneo. Hakihesabiwi kwa kila kampuni. Wapangaji watatu wakiwa ndani ya eneo moja, wanagawana kapu moja. Wa kwanza akiingia na madumu ya viyeyushi (kemikali za kuyeyushia) ya kutosha kujaza kiwango, wa pili na wa tatu wamelipa pango la maabara wasiyoweza kuitumia. Kwa hiyo mgao uandikwe kwenye mkataba wa kila mpangaji, kwa asilimia, na menejimenti iwe na daftari la kemikali linalosasishwa kila robo mwaka. Kampuni za kemia ziwe chini, baiolojia katikati, programu na umeme juu. Ukichanganya siku ya kwanza hutaweza kupangua tena.

#7 Hataza_na_Leseni

Sasa upande wa chuo chenyewe. Kampuni inalipa pango la juu kuwa jirani na chuo kwa sababu ya watu, mashine na matokeo ya utafiti. Kila kimoja kina mtego wake.

Mashine. Tuseme hadubini ya elektroni ina saa 1,800 zinazoweza kutumika kwa mwaka. Menejimenti inajumlisha matengenezo, mshahara wa fundi, vifaa na uchakavu, inagawanya kwa 1,800, inapata bei ya saa. Mwisho wa mwaka zimeuzwa saa 900 na nusu ya gharama haikurudi. Mwaka wa tatu mkataba wa matengenezo unaachwa, mashine inaharibika, kampuni zinaondoka. Gawanya kwa saa mnazotarajia kuuza kweli.

Umiliki. Sera nyingi za vyuo zinasema chuo kina haki juu ya uvumbuzi uliotumia rasilimali zake kwa kiasi kikubwa. Mfanyakazi wa kampuni akitumia mashine ya chuo, je, hataza (haki ya kisheria ya kumiliki uvumbuzi) ni ya nani? Jibu liwe ndani ya mkataba wa kutumia mashine: akilipa bei kamili ya mteja wa nje, chuo hakidai chochote. Akilipa bei ya punguzo, mambo yawekwe wazi kabla. Mwekezaji anayepitia nyaraka za kampuni hutafuta sentensi hiyo, na asipoiona anasitisha.

Machapisho. Utafiti wa pamoja uwe na kipindi cha kampuni kusoma rasimu, siku 30, na siku 60 zaidi kama kuna ombi la hataza la kuwasilisha. Sababu ni kwamba kwa Ulaya ukishachapisha, upya wa uvumbuzi umepotea siku hiyo hiyo. Marekani inakupa mwaka mmoja. Mwanafunzi akiwasilisha mada kwenye mkutano wiki moja kabla ya ombi, soko la Ulaya limekwenda. Ila tasnifu isifungiwe moja kwa moja, mwanafunzi lazima ahitimu.

Wahadhiri. Siku moja kwa wiki ya kazi ya nje ndiyo kawaida ya vyuo vingi. Mwenye kampuni kwenye kongani asimsimamie peke yake mwanafunzi anayelipwa na kampuni hiyo. Awepo msimamizi wa pili mwenye nguvu ya kusaini.

Na maktaba, jamani. Vipeperushi vya kongani vinaahidi kampuni kusoma majarida ya chuo mtandaoni, wakati leseni za wachapishaji kwa kawaida zinataja wanafunzi na watumishi tu. Msiahidi kabla ya kusoma leseni.

#8 Shaba_na_Maji

Umeme na maji kwa kifupi. Ushoroba wa huduma (njia ya chini ya ardhi ya mabomba na nyaya) uchimbwe siku ya kwanza kwa ukubwa wa mwisho: mabomba matupu ya ziada ya nyaya, chemba kila mita 60 hivi, na haki ya njia iandikwe kwenye hati ya kila kiwanja. Mabomba matupu ni rahisi mtaro ukiwa wazi. Kufukua barabara iliyokamilika ni gharama mara nyingi, na mpangaji ambaye kiwanja chake kinavukwa bila haki ya njia anaweza kukutoza atakavyo.

Jenereta ya pamoja iwe na orodha ya mizigo inayolindwa: friji za nyuzi 80 chini ya sifuri, mafeni ya kutoa hewa, ving'ora. Friji ya aina hiyo ikikaa bila umeme siku nzima inaweza kupoteza sampuli za miaka.

Maji yasichukuliwe kirahisi. Ukame wa 2021 Taiwan uliwafanya watengenezaji wa chipu wa Hsinchu waagize maji kwa malori, na hiyo ni kongani yenye nguvu kuliko karibu zote. Tanki, maji yaliyotumika kurudishwa kwenye minara ya kupozea, na mita ya kila mpangaji ni mambo ya awamu ya kwanza.

#9 Kalamu_na_Rula

Nimeelewa kuhusu ganda la maabara, asante Mhandisi. Sasa mbona watu wote mnakwepa mpangaji mkuu? Research Triangle Park ilisimama IBM ilipokuja. Tafuta kampuni kubwa moja, mengine yatafuata.

#10 Ramani_Kabambe

IBM ilikuja pamoja na taasisi ya serikali ya afya ya mazingira, NIEHS, mwaka huo huo wa 1965, na kulikuwa na vyuo vitatu, Duke, NC State na UNC, vinavyotoa wahitimu. Tena RTI, taasisi yao ya utafiti, ilishakuwa inafanya kazi ndani. Kampuni kubwa ilifuata watu waliokuwepo.

Simkatai mpangaji mkuu. Nakataa masharti anayopewa. Anataka kiwanja bora, pango la chini, na kura kwenye nani mwingine aingie. Mbili za kwanza mpe. Ya tatu usimpe, kwa sababu atafunga mlango kwa kampuni ndogo za fani yake, na hao ndio waliokuwa watokane na wafanyakazi wake wanaoacha kazi. Halafu asichukue zaidi ya theluthi moja ya mapato ya kongani. Makao makuu yake yakiamua kufunga tawi la utafiti, uamuzi huo hautapitia kwenu.

#11 Hati_na_Bodi

Suala la nani anaamua. Kongani ikiendeshwa kama idara ya chuo, mkataba wa mita za mraba 200 unapita kamati ya manunuzi, baraza na mwanasheria, miezi 5. Kampuni changa yenye hela ya miezi 9 haiwezi kusubiri. Suluhisho linalofanya kazi ni kampuni tanzu au wakfu wenye bodi yake, chuo kikishika ardhi na kiti cha uenyekiti au kura ya turufu kwa mambo matatu: kuuza au kuweka rehani haki ya ardhi, kubadilisha matumizi, na mkopo unaozidi kiwango fulani. Mengine meneja asaini mwenyewe kwa fomu ya kawaida.

Angalieni pia hela iliyojenga. Marekani, jengo la chuo lililojengwa kwa hatifungani (dhamana za mkopo) zisizotozwa kodi lina ukomo wa matumizi ya kampuni binafsi: asilimia 10 kwa vyuo vya umma, 5 kwa vyuo binafsi visivyogawana faida. Ukizidisha, nafuu ya kodi inahatarishwa. Nchi nyingine zina masharti yake kwenye ruzuku na misaada. Ndiyo sababu jengo la kampuni na jengo la wahadhiri vitenganishwe kwenye vitabu hata kama vimepakana ukuta.

#12 Kalamu_na_Rula

Basi swali la mwisho: jengo la pili tulianze lini?

#13 Ramani_Kabambe

Hesabu kurudi nyuma. Usanifu, vibali na ujenzi ni miezi 24 hadi 30. Kwa hiyo ukisubiri jengo la kwanza lijae, una miaka miwili ya kuwafukuza wateja. Anza michoro ya jengo la pili pale la kwanza likifika kujaa asilimia 70. Saini mkandarasi likifika 85, na uwe na mikataba ya awali ya kama asilimia 40 ya jengo jipya. Iwe mikataba yenye amana, barua za nia haziingii kwenye hesabu hiyo.

Acha asilimia 10 ya vyumba wazi makusudi, hata bodi ikilalamika. Hizo ndizo nafasi ambazo kampuni ya watu 12 inahamia Jumatatu badala ya kutafuta nje. Kwenye mikataba ya ndani weka kifungu kwamba mpangaji anayehamia chumba kikubwa ndani ya kongani anaachiwa mkataba wa zamani bila faini, kwa taarifa ya siku 30. Na kila robo mwaka meneja apite kwa kila mpangaji na swali moja: mtakuwa watu wangapi baada ya miezi 12? Majibu hayo uyazidishe kwa mita za mraba 18 hadi 25 kwa mtu wa maabara, 10 hadi 12 kwa mtu wa ofisi, kisha ujumlishe. Ukiona jumla inazidi nafasi iliyo wazi, peleka karatasi hiyo benki pamoja na michoro.